Utumbo wa Nguruwe na Pipa la Mama Zuhura

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya vita, mwanangu, nililetewa utumbo wa nguruwe mzima umefungwa kwenye majani ya ndizi, na bomba letu lilikuwa halijatoa maji siku ya tatu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mikono ina nguvu, kichwa kina haraka. Leo we umeniuliza namna ya kupika utumbo huo kwa sababu unakwenda kuolewa na unaona haya kumuuliza mwingine. Nitakuambia. Lakini mi siwezi kukueleza utumbo bila kukueleza pipa, na pipa siwezi kulieleza bila Mama Zuhura, kwa hiyo vumilia. Shule niliishia darasa la pili, sikufundishwa kufupisha.

Tulikuwa tunakaa Jabe, kwenye parseli, uwanja mmoja wa milango mitatu. Mlango mmoja ulifungwa, wenyewe walikimbia na hawajarudi. Mlango wa kati ulikuwa wa Mama Zuhura, mjane, muuza vitenge pale sokoni, Mwislamu wa mji kabisa, babu yake alizaliwa Bujumbura hii hii. Mlango wa mwisho ulikuwa wangu na Lazaro, babu yako, ambaye wakati ule alikuwa mwashi asiye na nyumba ya kujenga, maana nani anajenga watu wakiwa wanahama. Lazaro nilikutana naye njiani, siku tuliyokuwa tunakimbia risasi. Akanisaidia kubeba godoro, na godoro lile hakulirudisha kwetu mpaka leo. Ndivyo tulivyooana, hakuna pombe iliyopelekwa, hakuna mzee aliyesema neno.

Mama yake alikuwa amekimbia mlimani akaja kukaa Carama, ana jembe lake na nguruwe wawili. Kwa miaka miwili hakuniita jina. Aliniita "yule wa njiani." Akija kwetu anakaa kwenye ukingo wa kiti, anakunywa maji, anamuuliza Lazaro kama amekonda, anaondoka. Chakula changu hakukionja hata siku moja, anasema ameshiba. Carama mpaka Jabe kwa mguu, mwanangu, na mtu anakuambia ameshiba.

Sasa kwao walikuwa na desturi yao. Nguruwe akichinjwa, nyama inagawiwa wanaume, lakini utumbo unapelekwa kwa mwanamke mwenye nyumba. Haupewi msichana, haupewi mgeni. Anayepewa anaupika mwenyewe, wazee wanakuja kuula, na hapo wanajua nyumba ile ina mwenyewe au haina. Siku ile aliyeniletea utumbo alikuwa kijana wa baiskeli, na alikuja na maneno ya mama mkwe, ameyashika neno kwa neno kama amemeza karatasi.

"Amesema kesho baada ya misa wanakuja, yeye na kaka zake wawili. Wakila, wiki ijayo wanabeba pombe kwa mjomba wako, wakuombe kama watu. Wasipokula, amesema Lazaro atajua la kufanya."

"La kufanya ni nini?"

"Hilo hakuniambia. Lakini alivyolisema, mi ningekuwa we ningepika vizuri."

Yule kijana alinichekesha hata hivyo. Akaniambia kwenye bariyeri askari walimsimamisha, wakamwambia fungua mzigo, wakidhani labda ni silaha. Akafungua. Askari akarudi nyuma hatua tatu akasema, funga, funga, pita. Kwa hiyo ujue, mzigo uliofika kwangu ulikuwa umekwisha kupigwa jua na ulikuwa unajitangaza wenyewe. Mpaka kesho usingekaa. Kama hauoshwi na kuchemshwa siku ile ile, ni wa kutupa, na ukitupwa ndiyo mimi natupwa nao.

Maji nilikuwa na bidoni mbili, madumu ya plastiki. Bomba lililokuwa bado linatoa kidogo kidogo lilikuwa kule upande wa Buyenzi, na mstari wake ulikuwa wa nusu siku. Lazaro alitoka alfajiri kutafuta kibarua. Kilichobaki ni pipa la Mama Zuhura, la maji ya mvua, limesimama chini ya bati mbele ya mlango wake. Na maji yale hakutunyima. Tangu tunahamia aliniambia:

"Chota, Spesi, maji ni ya Mungu. Lakini chota na kopo langu hili, umimine kwenye chombo chako. Chombo chako kisiguse maji ya pipa. We unakula vitu vyako, mi sina neno, siingii chunguni kwako. Lakini maji haya natawadha nayo."

Nilimwitikia ndiyo, mama. Na kwa miaka miwili nilifanya hivyo. Kopo lilining'inia pale kwenye msumari, jekundu, lina tundu dogo karibu na mkono.

Basi nikaanza. Utumbo unaukata vipande vya urefu wa mkono, unachukua ujiti wa tete uliolainishwa, unausukuma ndani mpaka wa ndani unakuwa wa nje, kama unavyogeuza soksi. Hapo ndipo unaona kazi yako. Bidoni ya kwanza iliisha sijafika hata nusu. Ya pili nilikuwa nimeiweka ya kunywa, kwa ajili ya wageni. Mama Zuhura alikuwa sokoni, watoto wake wako madrasa. Nikaliangalia pipa, nikaliangalia kopo. Kopo lile dogo, mwanangu, ndoo moja inalitaka mara ishirini. Jua linapanda, inzi wamekwisha kujua anwani.

Nikachukua ndoo ile ile iliyokuwa na utumbo, nikaitumbukiza kwenye pipa. Nikatoa imejaa. Nikarudi mara ya pili.

Mara ya pili ndipo nikaona. Juu ya maji ya pipa palikuwa na vijicho vya mafuta vinaelea, vidogo, vinang'aa juani kama vinanitazama. Nikachukua jani nikavitoa kimoja kimoja. Vikaja vingine. Nikakoroga, vikajificha. Nikajiambia, basi, nani ameona, kuku tu. Nikarudi kwenye beseni langu nikaendelea kusugua, na nakiri mbele yako, nikaanza hata kuimba.

Kabla sijamaliza wimbo, Mama Zuhura akaingia. Alikuwa anarudi kila siku kusali adhuhuri nyumbani, mi nilijua, na nilikuwa nimesahau makusudi. Akanisalimia, akaziba pua na kitenge, akasema, "Leo kwako kuna harusi au kuna msiba?" Nikacheka. Akachukua birika lake, akachota na kopo lake, taratibu, akajaza. Akakaa kwenye kigoda. Akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko.

Mwanangu, nimepita risasi, nimezaa watoto sita, lakini muda mrefu kuliko wote niliowahi kuishi ni ule wa Mama Zuhura kukunja mkono wa kulia halafu wa kushoto. Niliwaza, nikisema, atanifukuza, na maji yenyewe ndiyo hayo. Utumbo utaoza. Kesho wazee wanakuja wanakuta nimekaa na beseni tupu. Nisiposema, hatajua kamwe. Ni kweli, hangejua. Akainamisha birika, akasema bismillahi.

"Mama Zuhura, usitawadhe."

"Kwa nini?"

"Maji yameharibika."

"Yameharibika na nini? Asubuhi nimeyaona mazuri."

"Na mimi."

Akaweka birika chini. Akaiangalia ndoo yangu, akaiangalia mikono yangu, inateleza mpaka hapa.

"Ulitumbukiza ndoo?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo?"

"Hiyo."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Kuku walikuwa wanapiga kelele kuliko sisi. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na kopo langu lilikuwa wapi?"

"Hapo kwenye msumari."

"Basi si kopo lililokosekana."

Nikapiga magoti. Akaniambia, inuka, usinipigie magoti na hayo mamikono. Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo nimekuletea leo. "Spesi, kutumbukiza ndoo ni haraka ya utoto, hiyo naijua, nimelea wanne. Nguruwe wako hana kosa na mimi. Lakini umeniona ninachota, ukaniona ninakunja nguo, ukaninyamazia mpaka nimetaja jina la Mungu. Huko kuninyamazia ndiko kutanichukua siku nyingi kusahau. Na kama usingesema, mi nisingejua, lakini we ungenisalimia na kucheka nami miaka yote na hicho kitu kiko katikati yetu."

Nikakimbia ndani nikatoa bidoni yangu ya pili, ile ya wageni, haijafunguliwa. Nikaiweka mbele yake. Akatawadha nayo, akaingia kusali. Mi nikabaki uani nalia, huku nafukuza inzi, maana hata ukilia inzi hawangoji.

Alipotoka uso umetulia. Akasema, "Pipa hilo kwangu limekuwa najisi. Litamalizwa maji yote, litaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Utaosha we, na utalijaza we."

"Ndiyo, mama."

Nikashika ndoo nianze kumwaga. Nikasikia, "We, unamwaga wapi?"

"Mferejini."

"Huyu mutoto iko na akili kweli? Kwangu yameharibika, kwako yameharibika nini? Utumbo wako unalia kiu, na we unataka kuunywesha mfereji?"

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu. Kwa kosa langu nilikuwa nimepata zaidi ya nusu pipa ya maji, mimi mwanamke wa Jabe, katika wiki ambayo mji mzima unalamba bomba. Na si maji tu. Mama Zuhura akavuta kigoda chake akakiweka upande upepo unapotoka, mbali, akajifunga kitenge puani, akaanza kuniamuru.

"Mi napika matumbo ya ng'ombe tangu we hujazaliwa. Usisugue na kiganja, sugua na chumvi. Weka majivu. Sasa kama unafua kola ya shati la bwana. Mungu anisamehe, mi Mwislamu nafundisha mutu kuosha haramu. Geuza tena."

"Nimegeuza, mama."

"Mi sitaki kusikia umegeuza, mi nataka kuona. Beseni lako lina ua chini, siyo?"

Lilikuwa nalo, beseni la bati lililopakwa rangi, chini ua la waridi.

"Basi maji yakiwa humo na utumbo, na unaona kila jani la lile ua, hapo umeosha. Huoni ua, bado unacheza."

Maji ya kwanza yalitoka kama ya mto baada ya mvua. Ya pili ya majivu. Ya tatu nikasema naona ua, akasema, hesabu majani yake, nikahesabu manne, akasema, yako matano, osha. Nilikwangua na mgongo wa kisu, nikakamulia ndimu, nikasugua tena. Maji ya saba nililiona ua zima na hata mahali rangi ilipobanduka. Hapo Mama Zuhura akashusha kitenge kidogo akanusa upepo. Akasema, "Sasa huko hakuna nguruwe tena, kuna ndimu."

Andika hii vizuri. Ukimaliza kuosha, unasuka vipande vitatu vitatu kama nywele za mtoto, mafundo ya kukaza. Unachemsha, yale maji ya kwanza unayamwaga bila huruma. Unachemsha tena na kitunguu na chumvi kwenye mbabula, jiko la makaa, makala kidogo, muda mrefu, mpaka kidole kinapita. Ndipo unakaanga kwa mawese, nyanya, vitunguu vingi, seleri mwishoni. Mi nilitaka kumwaga pilipili chunguni. Mama Zuhura akaniuliza kutoka mbali, "Unaficha nini tena?" Nikaiweka kwenye kisahani pembeni.

Lazaro aliporudi nikamwambia yote. Akasema, "Kwa mama usiliseme hilo la pipa. Akila, ale, yaishe." Nikaendelea kugeuza misuko chunguni.

Jumapili wakaja. Mama mkwe katika nguo zake za misa, kaka yake mnene mwenye kofia, kaka yake mwembamba asiyesema. Nikaweka ugali wa muhogo, nikaweka chungu. Mama mkwe hakusema ameshiba. Alichukua msuko mmoja, akaufungua fundo kwa fundo, kipande akakipasua kwa kucha katikati, akakipeleka puani. Lazaro alikuwa amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono. Mama mkwe akakitia mdomoni. Akatafuna anaangalia ukuta.

"Hakuna pilipili," akasema mwenye kofia.

"Iko kwenye kisahani, mzee."

"Kumbe haogopi," mama mkwe akamwambia kaka yake, kama mimi sipo. Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu. Yule mwembamba alikuwa kwenye cha tano, ndiyo maana hasemi. Kisha mama mkwe akanigeukia, mara ya kwanza katika miaka miwili ananiangalia machoni.

"Maji ulitoa wapi? Kwetu bomba limekauka, nikajua na kwenu. Nikasema, tuone huyu ataosha na nini, na mate?"

Umesikia hiyo? Alijua. Alinitumia utumbo siku isiyo na maji makusudi. Na pale, mwanangu, ningesema nilikwenda Buyenzi, nikasimama mstari nusu siku, ningekuwa mke bora wa mji mzima. Wamekwisha kula. Lazaro ananipigia jicho mpaka nikaogopa litamtoka. Lakini nilikuwa nimeliona lile birika linainama, na sikutaka kuliona tena.

Nikamwambia. Nilitumbukiza ndoo ya nguruwe kwenye pipa la jirani Mwislamu, nikaficha, karibu atawadhe nayo. Nikasema maji ni yake, na macho yaliyoosha utumbo huu ni yake. Mikono tu ndiyo yangu.

Mama mkwe akaweka sahani chini. Akanawa. Akasimama, akatoka uani. Mi nikasema moyoni, nimejimaliza. Tukamfuata wote. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Mama Zuhura, mgongo umenyooka, anapiga hodi kwa Kiswahili chake cha mlimani.

"Mama, mi ni mama ya Lazaro. Mukazana wangu alikuharibia maji."

Mukazana, mwanangu. Kwetu ni mke wa mtoto wako, mke wa kweli, wa kuombwa. Miaka miwili nilikuwa yule wa njiani, na nimepata jina langu siku ya kosa langu. Lazaro akakaa chini kwenye kizingiti.

Mama Zuhura akamjibu, "Amesema mwenyewe, mama. Nimekwisha kumsamehe. Anabaki kuosha pipa."

"Apana. Kosa la nyumba yangu haliwezi kuoshwa na mutu mumoja." Akawageukia kaka zake. "Vueni makoti."

Tulikwenda Buyenzi sote. Mama mkwe na bidoni kichwani katika nguo za misa, mwenye kofia amebeba ndoo mbili kofia ikianguka kila saa, mwembamba anasukuma baiskeli ya watu ina bidoni nne, Lazaro, mimi, na watoto wa Mama Zuhura na visufuria vyao. Kwenye mstari watu wakatuuliza, "Mnaoa au mnahama?" Mwembamba akafungua mdomo mara ya kwanza siku ile. "Tunaoa," akasema. Wakacheka, na wakatusogeza mbele.

Nililiosha pipa mara saba mbele ya macho ya wote, mara moja kwa udongo mwekundu, natoka jasho kama nachimba kisima. Tukarudi mara ya pili, na ya tatu. Kabla ya saa ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku, pipa lilikuwa limefika ukingoni. Bidoni ya mwisho alimimina mama mkwe, ameinyanyua juu kabisa, ili mdomo wake usiguse pipa. Hakuna aliyemwambia. Mama Zuhura akawapa wazee chai ya tangawizi na sukari, wiki ambayo sukari ilikuwa ya kuota tu.

Wiki iliyofuata pombe ikabebwa kwa mjomba wangu. Mi sikuwa na mama tena, vita vilimchukua. Aliyekaa mahali pa mama yangu, katika kitenge kipya, akinywa fanta wakati wengine wanakunywa pombe, ni Mama Zuhura. Na mwenye kofia alipouliza kama huyu binti anajua kupika, yeye akasema, "Utumbo wenu mi sijaula wala sitaula. Lakini naweza kuapa ni msafi."

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Utakapoolewa utakosea, na mara nyingi utakosea kwa haraka, na kopo liko pale pale kwenye msumari. Ukikosea, usichukue jani ukaanza kutoa mafuta juu ya maji. Nenda useme, na useme mapema, wakati maji bado yako kwenye birika na mtu hajajipaka usoni. Atakasirika. Mwache akasirike, ni haki yake. Na kitu cha jirani anachokitunza kwa ajili ya Mungu wake, kitunze kuliko chako, hata kama hukielewi. Na utumbo uoshe mpaka uhesabu majani matano.

Beseni lile la ua liko chini ya kitanda changu, litoe, ni lako. Mungu akupe nyumba isiyokaukiwa maji. Akupe jirani wa kukuambia ukweli kutoka upande wenye upepo mzuri, na mama mkwe atakayekubeba siku umeanguka. Na siku wazee watakapokuja kula kwako, pilipili yako ikae kwenye kisahani.